Saa 133 za chupa ya damu

Mama mdogo alitolewa damu Ijumaa saa mbili usiku. Homa ilikuwa imempanda tangu alasiri, meno yakigongana, na tulipomfikisha hospitalini, hapa hapa Nairobi, presha ilikuwa imeshuka kiasi kwamba muuguzi aliipima mara mbili asiamini. Daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alifanya yote yanayotakiwa. Alisafisha ngozi, akasubiri ikauke, akachoma sindano, akajaza chupa mbili za kuoteshea bakteria wa damu, ndipo akaagiza dozi ya kwanza ya antibiotiki, seftriaksoni. Mimi nilifanya kazi ya maabara miaka tisa kabla ya kuanza kuandika, kwa hiyo macho yangu hayakuwa kwa daktari. Yalikuwa kwa zile chupa.

Ziliwekwa kwenye kaunta ya wauguzi, kando ya chupa ya chai ya zamu ya usiku. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita.

"Sista, hizi zinaenda maabara lini?"

"Asubuhi, dada. Usiku huwa kuna wa malaria na hesabu ya damu tu. Wa kuotesha huingia saa mbili."

"Na kesho ni Jumamosi."

"Huja mmoja. Usijali, mama ameshaanza dawa."

Sista yule alikuwa na wagonjwa zaidi ya ishirini na mwenzake mmoja. Simlaumu hata kidogo. Lakini dawa aliyoanzishiwa mama mdogo haikuwa ikimsaidia, na hilo tulilijua Alhamisi.

Nimeziandika saa zote, kwa sababu naamini hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Chupa zilikaa kaunta saa 12. Jumamosi saa mbili asubuhi ziliingizwa kwenye mashine, na saa 15 baadaye, saa tano usiku, mashine ikapiga kengele: kuna kitu kinaota. Chumba kilikuwa kitupu. Kengele ililia Jumapili nzima, saa 33, hadi Jumatatu asubuhi alipoingia mtu. Akapaka tone kwenye kioo, akaona vijiti vya rangi ya waridi, akawapanda bakteria kwenye sahani ya kuoteshea. Saa 24 za kuota. Jumanne akaweka vipande vya dawa kuona ipi inawazuia, saa 24 nyingine. Jumatano asubuhi majibu yakasomwa, yakasubiri saini saa 6, kisha karatasi ikalala kwenye kisanduku cha wodi saa 19 hadi madaktari walipopita Alhamisi saa tatu asubuhi. Bakteria Klebsiella pneumoniae, sugu kwa seftriaksoni. Jumla ni saa 133.

Kati ya hizo, hata ukiacha zile 6 za saini, saa 64 hazikuwa za bakteria kuota wala za mashine kufanya kazi. Zilikuwa za chupa kukaa, kengele kulia na karatasi kulala. Karibu nusu.

Naleta hesabu hii kwa sababu kila tunapozungumzia usugu wa dawa katika mji huu, mikutano huishia kwenye mashine. Ipo ya dakika chache, ipo ya saa moja, ipo inayosoma vinasaba. Nimezisoma, baadhi nimezitumia, na nazipenda kwa dhati. Lakini ingewekwa ya bei kubwa kuliko zote kwenye chumba kile, kengele ya Jumamosi usiku isingepata mtu wa kuisikia. Muda wa kipimo unapaswa kuhesabiwa kuanzia mkono unapochomwa hadi dawa sahihi inapoingia kwenye mshipa. Sisi tunauhesabu kuanzia sahani inapopandwa hadi karatasi inapotiwa saini, halafu tunashangaa mbona wodi haioni tofauti.

Tuanze na sababu ya damu kuchelewa kutoa siri yake. Watu hudhani damu ya mgonjwa mahututi imejaa wadudu. Sivyo. Mtu mzima mwenye maambukizi makali ya damu anaweza kuwa na bakteria mmoja hadi kumi tu kwa kila mililita, na wakati mwingine pungufu ya hapo. Kijiko kizima cha chai cha damu huenda kikabeba bakteria watano. Hakuna darubini itakayowaona. Ndiyo maana mtu mzima hutolewa mililita nane hadi kumi kwa kila chupa, na kila mililita inayoongezwa huinua uwezekano wa kumkamata mdudu kwa takriban asilimia 3. Ndani ya chupa mna mchuzi wa lishe. Bakteria kama E. coli akiupata mchuzi huo kwenye joto la mwili hugawanyika kila baada ya dakika ishirini hivi, hadi wanapofika mamilioni kwa mamilioni na hewa ya kaboni wanayotoa inabadilisha rangi ya kitako cha chupa. Hapo mashine hulia. Chupa nyingi zenye ugonjwa wa kweli hulia ndani ya siku mbili za kwanza.

Ukiiacha chupa kwenye kaunta unapoteza zaidi ya muda. Wadudu huanza kuota kwenye joto la chumba, na chupa ikiingizwa mashineni kwa kuchelewa sana, mashine inaweza kukuta kilele cha kuota kimeshapita, ikanyamaza. Mgonjwa ataambiwa damu yake ni safi.

Kengele ikilia, kipimo cha haraka tayari tunacho, na kina umri wa zaidi ya miaka 140. Mwaka 1884 daktari Mdenmark, Hans Christian Gram, alitangaza namna ya kupaka bakteria rangi, ambayo leo huwaonyesha wa zambarau au wa waridi. Kazi yote ni dakika kumi hivi. Kwa mama mdogo, vijiti vya waridi vingemwambia daktari kwamba adui huenda ni wa jamii ya E. coli na Klebsiella, jamii ambayo seftriaksoni imekuwa ikishindwa nayo mara kwa mara katika hospitali zetu. Mgonjwa aliyekuwa akizidiwa mbele ya macho yake angebadilishiwa dawa Jumapili kabla ya alfajiri. Kilichokosekana ni mtu mmoja, chupa ya rangi na simu ya kupiga wodini.

Sasa nije kwenye mashine, kwa kuwa zina haki yake. MALDI-TOF huchukua uoto kidogo uliopakwa kwenye bamba la chuma na kuupiga mwale wa leza. Protini zinaruka, zinapimwa uzito, na kompyuta inalinganisha mpangilio wake na maktaba ya maelfu ya bakteria. Dakika chache, jina limepatikana. Mjapani Koichi Tanaka aligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2002 kwa kazi iliyosaidia kufungua njia hiyo ya kupima protini kwa leza. Bei ya mashine ni mamilioni mengi ya shilingi, ingawa kipimo kimoja kikishaanza ni rahisi. Ila inakupa jina. Kwa kawaida haikuambii dawa gani itamuua mwenye jina hilo.

Vipo pia vipimo vya PCR vya aina nyingi kwa pamoja. Unachukua tone la chupa iliyolia, unaliweka kwenye kaseti, na baada ya saa moja hivi unapewa jina pamoja na baadhi ya vinasaba vya usugu, kama mecA, CTX-M na NDM. Kaseti moja inagharimu zaidi ya dola 100, yaani zaidi ya shilingi 12,000. Tena kipimo hiki kina mtego: kinasaba kikionekana, dawa iache, kisipoonekana, huwezi kuapa kwamba dawa itafanya kazi, kwa sababu bakteria wana njia nyingi za kujikinga na kaseti inajua chache.

Wakenya wengi wanaijua GeneXpert kwa sababu ya kifua kikuu. Mashine hiyo hiyo ina kaseti inayosoma chupa ya damu iliyolia na kukuambia kwa muda wa saa moja kama mdudu ni Staphylococcus aureus na kama ni sugu kwa methisilini. Mashine zimo tayari katika hospitali nyingi za umma, na sioni sababu ya kuzifungia kwenye makohozi pekee.

Njia ninayotaka nikae nayo, hata hivyo, haina mashine. Mwaka 2018 EUCAST, kamati ya Ulaya inayopanga viwango vya kupima usugu, ilitoa utaratibu wa kupima dawa moja kwa moja kutoka kwenye chupa iliyolia. Vifaa ni vilevile vya siku zote: sahani ya agari ya Mueller-Hinton, vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa, na kabati la joto la nyuzi 35. Kilichobadilika ni kwamba husubiri uoto wa usiku kucha kwanza. Unachota mikrolita 125 za mchuzi, kama matone mawili matatu, bila kuuchuja wala kuuongezea maji, unausambaza kwenye sahani, unabandika vipande vya dawa, unafunga kabati. Unasoma baada ya saa nne, sita na nane, na kila usomaji hautakiwi kupishana na saa yake kwa zaidi ya dakika tano.

Nimewahi kuishika sahani ya saa ya sita. Si kama sahani ya kesho yake, yenye zulia nene la uoto ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atalisoma. Unafunua kifuniko, unaishika kama sentimita thelathini kutoka jichoni, unainamisha taa hadi utando uanze kuonekana, mwembamba kama pumzi kwenye kioo cha matatu asubuhi ya Julai. Kuzunguka kipande cha meropenemu, antibiotiki nyingine, duara jeusi safi. Kuzunguka seftriaksoni, hakuna duara kabisa. Utando umekwenda hadi ukingoni mwa karatasi. Ukingo wa duara ukiwa haueleweki, sheria ni moja: usisome, rudisha, ngoja saa ya nane. Na kipimo kikiangukia kwenye eneo la mashaka lililotengwa kwenye jedwali, hutamki kwamba dawa inafaa wala haifai. Utaratibu unaokukataza kukisia unastahili kuaminiwa.

Hapo pana kizuizi, nami sitakificha. Majedwali ya kusomea duara hizo yametengenezwa kwa kila bakteria peke yake: E. coli ana lake, Klebsiella lake, Pseudomonas lake. Bila jina huwezi kutafsiri duara. Maabara yenye MALDI-TOF hupata jina sahani ikiwa bado kabatini. Isiyo nayo itategemea vipimo vya mkono. Kwa Staphylococcus kuna kipimo cha kuganda kwa plazma kinachoweza kufanywa kutoka kwenye chupa yenyewe. Kwa vijiti vya waridi kazi ni ngumu zaidi, na mara nyingine itabidi kungoja asubuhi. Kwa hiyo siikatai MALDI-TOF. Naipinga tu pale inaponunuliwa kwanza. Iwekwe mahali pamoja panapohudumia hospitali kadhaa, baada ya kuwa na watu wa usiku na waendesha bodaboda wa kubeba sampuli. Tumeshafanya hivyo kwa kifua kikuu, tunajua inavyofanyika.

Turudi kwa mama mdogo kwa hesabu ileile. Tuseme chupa zingeteremshwa maabara Ijumaa usiku uleule. Kwa saa zilezile 15, kengele ingelia Jumamosi saa tano asubuhi. Ongeza saa sita za sahani: saa kumi na moja jioni, Jumamosi, jua bado halijatua, daktari angekuwa na orodha ya dawa. Tulingoja hadi Alhamisi saa tatu asubuhi.

Je, saa hizo zina maana? Mwaka 2006 Anand Kumar na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa walioshukwa presha kwa maambukizi ya damu, na katika saa sita za kwanza kila saa ya kuchelewa kupata dawa inayofaa ilikwenda pamoja na kushuka kwa uwezekano wa kupona kwa wastani wa asilimia 7.6. Hao walikuwa mahututi kabisa, na takwimu hiyo haifai kubandikwa kwa kila mwenye homa. Mama mdogo alikuwa mmoja wa mahututi hao.

Lakini kuna ushahidi unaonitia breki. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 31 za vipimo vya haraka vya chupa za damu. Vifo vilipungua pale ambapo hospitali ilikuwa na timu ya kusimamia matumizi ya antibiotiki, watu wanaopokea majibu na kumpigia daktari. Pasipokuwa na timu hiyo, upungufu wa vifo haukuthibitika. Kipimo kilekile, kasi ileile. Na hata simu ikipigwa, dawa lazima iwepo. Meropenemu ikiwa haipo kwenye famasia ya hospitali, ndugu wa mgonjwa hupewa karatasi wakazunguke mjini usiku wakiuliza kemisti moja baada ya nyingine. Nimezunguka hivyo. Ni saa mbili ambazo hakuna maabara duniani inayoweza kuzirudisha.

Ushahidi wa pili unauma zaidi. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2005, wa watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2002, ulikuta watoto 308 waliokufa wakiwa na bakteria katika damu. Kati yao 103 walikufa siku ileile ya kulazwa, na 217 ndani ya siku mbili. Fikiria maana yake kwa ninayoyasema. Hata kwa saa 21 za hesabu yangu nzuri, theluthi nzima ya watoto hao wangekuwa wameshaondoka. Mtoto wa namna hiyo huokolewa na dozi ya kwanza, ile inayotolewa kwa kukisia. Basi chupa yake ina kazi gani? Kazi yake ni kwa mtoto wa wiki ijayo. Majibu ya chupa zote za mwaka, yakikusanywa wodi kwa wodi, ndiyo yanayomwambia daktari kama penisilini na jentamaisini bado zinafaa kuanziwa au zimeshachoka. Hospitali isiyootesha damu inakisia leo kama ilivyokisia miaka kumi iliyopita.

Na tunaotesha kwa uchache wa kutisha. Utafiti uliofanywa katika nchi 14 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulitangazwa 2022: kati ya maabara zipatazo 50,000, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria. Pengo hilo ndilo linalojazwa na Widal, kipimo cha taifodi. Mkazi wa Kayole au Kibra akipata homa, mara nyingi huingia kemisti, anachomwa kidole, anaambiwa ana taifodi, anaondoka na vidonge. Kipimo cha Widal kilianza 1896, na mtu aliyewahi kuugua au kuchanjwa anaweza kuonekana ana ugonjwa akiwa hana. Akizidiwa na kufika hospitali kubwa siku ya tano, damu yake imeshajaa antibiotiki, na chupa haioti chochote. Kasi ya maabara ya mjini huanzia hapo, kwenye kibanda cha dawa kando ya barabara.

Huko Seoul, mwaka 2024, wanasayansi walionyesha katika jarida la Nature njia ya kuwanasa bakteria moja kwa moja kutoka kwenye damu bila kuwaotesha kwanza chupani, na kukadiria kwamba majibu ya dawa yanaweza kutoka kwa wastani wa saa 13. Nilipoisoma nilifurahi sana. Kisha nikafikiria kaunta ile, na saa 12 za usiku mmoja.

Suala la fedha haliepukiki. Sehemu kubwa ya kazi ya kufuatilia usugu nchini imeegemea wafadhili, Fleming Fund ya Uingereza akiwa mmoja wao, na 2025 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kuufunga mfuko huo. Kenya ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu tangu 2017, na wa pili ni wa 2023 hadi 2027. Nimeisoma mipango hiyo, ni mizuri. Ninachoomba kiingie kwenye bajeti za kaunti na za hospitali ni kitu kidogo kuliko mashine: mshahara wa mtaalamu wa kuotesha wa usiku na wa Jumapili. Na bima ya afya ya umma ilipie chupa za damu kabla ya kulipia wiki ya pili ya dawa isiyofanya kazi.

Mama mdogo alitoka wodini baada ya siku 26. Figo ziligoma wiki ya kwanza, akasafishwa damu mara nne. Sasa anapanda ngazi za nyumba yake kwa kupumzika katikati. Siku moja akichambua sukuma aliniuliza, "Mwanangu, siku zile zote damu yangu ilikuwa wapi?" Nilimweleza, saa kwa saa, kama nilivyowaeleza hapa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama yule sista siku hizi wamemwongezea mwenzake. Nilimwambia nitauliza.

Niliuliza. Bado wako wawili. Lakini kuna jambo nililowaomba wakalikubali: kila chupa sasa inabandikwa kipande cha plasta chenye nafasi nne, saa ya kuchomwa, saa ya kufika maabara, saa ya kengele, saa dawa ilipobadilishwa. Ya nne huachwa tupu mara nyingi. Wanazihifadhi plasta hizo kwenye daftari, na mwisho wa mwezi nitakwenda kuzihesabu pamoja nao.